Hereni za Shangazi

3 Februari

Mwanangu Kombe,

Kwa heshima zote, na baada ya kutafakari kwa kina, nautangazia ukoo, marafiki na majirani wa pande zote nne kwamba leo saa tatu kasoro robo asubuhi kifungo cha nne cha gauni langu la kijani kimetutoka ghafla. Kilikuwa hakiumwi. Kimeacha wenzake watano na tundu moja. Msako uliofanyika chini ya cherehani umepata pini kumi na saba, peremende iliyolambwa nusu, na jino ambalo hakuna mteja aliyekubali kuwa ni lake. Marehemu mwenyewe hakuonekana. Shughuli za kushona zilisimama kwa dakika ishirini.

Hujambo lakini? Sisi hatujambo, isipokuwa wenye mambo. Baba yako goti limemkamata tena, naye analitembeza kwa kila jirani kama mtoto mchanga wa kuonyeshwa. Mama yako ameninunia tangu niliposoma kipimo cha kiuno chake kwa sauti mbele ya wateja. Mdogo wako amefaulu mtihani na walimu wake bado wanachunguza ilikuwaje.

Sasa. Juzi mama yako, katikati ya kununa, alijisahau akaniambia jambo. Eti unataka kwenda hospitali kupunguzwa masikio. Nilikuwa na pini mdomoni, karibu nizimeze. Nikamwambia arudie. Akarudia, kisha akakumbuka kuwa amenuna.

Mwanangu, hayo masikio ni ya baba yako, na kabla yake yalikuwa ya babu yako, aliyekuwa akisengenywa nyumba ya tatu anaitikia kutoka kitandani kwake. Ni kweli unataka kuyakata, au ni maneno ya wifi yangu? Niandikie. Usinipigie kwenye simu ya mama yako. Ile simu ina spika, na mtaa huu nao una masikio, tena hayajapunguzwa.

Ni mimi shangazi yako, fundi.

*

21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Poleni kwa msiba wa kifungo. Mwambie baba namwombea goti, na mama mwambie kiuno ni namba tu.

Mimi sijambo. Chumba ni kile kile, dirisha linatazama ukuta, na wiki hii ukuta umepakwa rangi ya maziwa, kwa hiyo nimepata mandhari mapya. Kazini bado niko ndani. Duka letu la miwani lina watu wa aina mbili: wa mbele, wanaomvisha mteja fremu na kumshikia kioo, na wa ndani, tunaokata lenzi na kukaza skrubu ambazo ukipiga chafya huzioni tena. Nimeomba kuhamia mbele mara tatu. Mara ya tatu meneja alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

"Wewe ni fundi mzuri," akasema. "Lakini mteja wa miwani anatazama kichwa cha anayemuuzia. Sasa wewe... si unajua mwenyewe."

Nikasema sijui. Akajishika masikio.

Kwa hiyo ni kweli, Shangazi. Nafanyiwa. Na kabla hujatafuta wa kumlaumu, kumbuka jina la Kombe alilitoa nani. Nilikuwa na miaka minne. Sebule imejaa wageni, ukanishika masikio yote mawili, ukanigeuza huku na huku, ukasema, "Jamani, mwaka huu kombe limekuja nyumbani!" Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Nami nilicheka. Nilidhani nimeshinda kitu. Naomba usiniite hivyo tena.

Daktari ni mama mfupi anayeongea kama anasoma orodha ya vitu vilivyopotea. Anasema upasuaji huu haumfai kila mwenye masikio. Mtoto wa chini ya miaka mitano haumfai, sikio lake bado linakua. Aliyesukumwa na mume au mama haumfai, lazima atake mwenyewe. Anayetaka masikio yafanane kama sahani za seti moja haumfai, maana hayatafanana. Na asiyefaa kabisa ni yule ambaye kovu lake halijui kukoma. Kuna watu, anasema, wakikatwa wanapona, halafu nyama inaendelea kupona, inaota na kuota mpaka donge linakuwa kubwa kuliko kidonda kilicholileta. Jambo hilo hutembea ndani ya ukoo. Ndiyo maana kwenye fomu yake kuna swali la saba: "Je, una ndugu wa damu mwenye makovu yanayoota nyama?"

Nilimuuliza baba kwa simu. Akasema, "Mambo kama hayo muulize shangazi yako." Nikamuuliza mama, akasema ya ukoo wa baba yako mimi siyajui. Nimebaki na wewe. Ukisema ndiyo, daktari hanigusi. Ukisema hapana, tunapanga tarehe. Naomba jibu kabla ya mwisho wa Machi.

Nikipona nitafunga nywele juu kwa mara ya kwanza maishani. Niazime basi hereni zako. Tangu utotoni nasikia "Shangazi ana hereni zake", na sijawahi kuziona, maana kitambaa chako cha kichwa hakishuki hata ukiwa na homa. Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu kuwa ni za dhahabu.

Mtoto wa kaka yako.

*

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Goti la baba yako limepona na sasa amehamia mgongoni. Mama yako ameacha kununa kwa sababu anahitaji gauni. Mimi nina sare arobaini za wanafunzi za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, na wazazi wote wanataka nishone kubwa ili mtoto akue nayo mpaka aoe.

Huo upasuaji nimeuulizia kwa wateja bila kutaja jina. Wanakata nyuma ya sikio, wanatoa kipande cha ngozi, wanakunja ule mfupa laini, wanashona kwa ndani. Mwanangu, hilo ni pindo. Nimekunja mapindo miaka thelathini na moja, na nakuambia pindo lina kumbukumbu. Lifumue baada ya miaka kumi, alama utaikuta. Halafu nimepima watu wa mji huu wote, mabega, mikono, viuno, na sijampata hata mmoja aliye sawa pande mbili. Mwalimu mkuu mkono wake wa kushoto umeupita wa kulia kwa vidole viwili na hakuna aliyemtoa ofisini. Huyo meneja wako naye niletewe nimpime. Ninaweza kumpata na kasoro ndani ya dakika tano.

Kuhusu lile jina. Nililitoa kwa mapenzi. Siku ile wageni walikuwa wananitazama mimi, nikawatafutia pengine pa kutazama. Basi.

Kuhusu swali la saba. Makovu kila mtu anayo. Babu yako alikuwa na la mundu kwenye paja. Baba yako analo la henia, jembamba kama uzi wa hariri. Mimi nina la pasi kwenye kiganja. Yote yalipona yakanyamaza. Zaidi ya hapo sina la kuandika, na daktari anayeulizia habari za mashangazi ni daktari asiyejiamini.

Hereni zangu haziazimwi.

Ni mimi, fundi.

*

2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Natumaini sare zimekwisha na mgongo wa baba umerudi mahali pake. Mimi sijambo.

Umeniandikia kurasa tatu, na jibu nimelitafuta kama ulivyokitafuta kile kifungo. Mwishowe nimehesabu makovu uliyonitajia. Yote yalipona yakanyamaza, wewe mwenyewe umesema. Basi kwenye swali la saba nimejaza HAKUNA, kwa herufi kubwa, kwa sababu nafasi waliyoacha ilikuwa kubwa.

Jana tulikuwa watano pale kwenye benchi la kusubiri. Baba mmoja na binti yake wa miaka saba. Daktari alimuuliza mtoto, "Nani anataka masikio yabadilike?" Mtoto akamnyooshea baba kidole. Wakarudishwa nyumbani. Akafuata bibi harusi mtarajiwa, ana picha ya mwanamke wa kwenye gazeti, anataka masikio yale yale. Nilimsikia daktari kupitia mlangoni: "Dada, haya unayonionyesha yamechorwa." Naye akatoka. Kulikuwa na mzee wa makamo, dereva wa magari makubwa, aliyesema ametaka jambo hili tangu darasa la tatu na mkewe hajui yuko wapi. Huyo amekubaliwa. Nami nimekubaliwa. Daktari aliniambia, "Wewe una afya, una akili, umekuja kwa miguu yako, na ukoo wako ni safi. Upasuaji huu ni wa watu kama wewe." Shangazi, ni mara ya kwanza masikio yangu kufaulu jambo lolote.

Tarehe ni 26 Aprili. Barua kutoka kwenu huchukua siku nane au tisa. Kama pale kwenye swali la saba nimekosea, muda upo.

Mtoto wa kaka yako.

*

11 Aprili

Mwanangu,

Usifanye.

Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua baada ya mstari wa kwanza uwe umelisoma. Salamu zitafuata zikipata nafasi.

Sina hereni. Niliwahi kuwa nazo kwa wiki tatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, rafiki yangu akanitoboa kwa sindano ya kushonea na uzi mweusi, tukicheka. Matundu yakapona vizuri. Baada ya miezi mitatu yakaanza kuwasha. Kikatokea kitu kama kichwa cha pini. Kikawa kama kifungo cha shati. Kikawa kama kifungo cha koti, kila upande kimoja, kigumu, kinang'aa. Hospitali wakakata. Kikarudi mara mbili ya kilichokatwa, kama kimekasirika.

Kulikuwa na mtu aliyetaka kunioa. Alikuja na dada zake kutuona. Mmoja akauliza mbona msichana amejifunga kichwa namna hii ndani ya nyumba yao wenyewe. Mama yangu akajibu bila hata kugeuka, "Ana hereni zake, hataki zionekane mpaka siku yenyewe." Lilituokoa siku ile. Siku yenyewe haikufika, walijua, sijui nani aliwaambia. Lakini neno likabaki. Ukoo ukalitumia kunifichia, halafu kwa mazoea, halafu nyinyi mkazaliwa mkadhani ni hereni kweli, na hakuna aliyewasahihisha. Hata mimi nilifika mahali nikalipenda. Neno lenyewe ni zuri kuliko kitu chenyewe.

Jibu la swali la saba ni ndiyo. Mwambie daktari: dada wa baba, masikio yote mawili.

Shangazi yako.

24 Aprili. Nyongeza. Barua hii imelala kwenye droo ya cherehani siku kumi na tatu. Kila asubuhi nilikuwa naipeleka posta, na kila asubuhi alitokea mteja. Leo mteja hakutokea.

*

10 Mei

Shangazi, shikamoo.

Umeandika tarehe 11. Muhuri wa posta ni wa tarehe 24. Nilikatwa tarehe 26. Barua imenifikia tarehe 3 Mei, siku moja baada ya kufunguliwa bandeji.

Kwa hiyo nilipata siku moja, na nitakusimulia ilivyokuwa. Nilifunga nywele juu. Nikaenda sokoni, nikazunguka safu zote bila kununua kitu, na hakuna aliyenitazama. Muuza vitunguu alinipa chenji akiwa anaongea na mwenzake. Hujui utamu wa kutotazamwa. Au labda wewe ndiye unayeujua kuliko watu wote.

Barua yako nilimpelekea daktari. Alianza kuisoma akiwa amesimama, akamaliza akiwa ameketi.

"Huyu ni ndugu wa damu?"

"Dada yake baba. Tumbo moja."

"Na wewe hukujua?"

"Nilijua ana hereni."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa utani kwa lugha asiyoifahamu. Kisha akasema angejua asingenigusa, na kwamba sasa ni kungoja, miezi mitatu, pengine sita. Huenda likanipita. Huenda lisinipite.

Mama ana simu. Fundi viatu wa mlango wa pili kwako ana simu. Na neno lenyewe, Shangazi, ni "ndiyo". Lina herufi tano.

Utasema ningeng'ang'ania tu hata ungeniambia. Hapana. Ningeacha. Nataka ulijue hilo vizuri. Nilitaka kuhamia mbele, sikutaka kuwa wewe.

*

27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Sentensi yako ya mwisho nimeisoma. Nimeisoma na miwani na bila miwani, haibadiliki.

Sitakuomba radhi humu. Anayeomba radhi kwa barua anataka kujibiwa, nami sidai jibu. Nitakupa habari tu. Nilimuuliza baba yako kwa nini hakukuambia ulipompigia. Akasema, "Ningesemaje? Si tulikubaliana ni hereni?" Mtu mzima wa miaka sitini na mbili. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka aliyekuwa na droo ni mimi.

Halafu nikaenda kwa mama yako. Ameolewa humu miaka ishirini na saba. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikavua kitambaa. Akatazama kulia, akazunguka akatazama kushoto, akaweka kikombe chini. "Wifi, ndiyo hayo tu?" akasema. "Mimi miaka yote hii nilidhani huna masikio kabisa." Kisha akaendelea kukatakata vitunguu. Mwanangu, maisha yangu yote yaliingia kwenye swali la wifi mmoja na bado akabaki na muda wa vitunguu.

Umeuliza kwa nini sikusema mapema. Hukuuliza, lakini umeuliza. Niliona ukisoma, utaniwazia. Utakaa kwenye chumba chako hicho, utakumbuka kila mara uliyoniona, na kila mara utanivua kitambaa. Nikasema bora akatwe kuliko nivuliwe. Sikulisema kwa maneno haya, lakini siku kumi na tatu zilikuwa zinalisema.

Kovu la baba yako ni uzi, hilo sikudanganya. Huenda damu iliyokufikia ni yake. Ukiwashwa, niandikie. Usipowashwa, usijisumbue kuniandikia, nitaelewa.

Shangazi yako.

*

15 Julai

Mwanangu,

Ni wiki ya saba na sijapata barua. Siwezi kukuambia ninavyofurahi. Kila watu wa posta wakiniambia hakuna kitu, natoka nikitabasamu mpaka wanadhani nina mchumba. Baba yako hajambo mwili mzima, jambo ambalo limemwachia muda mwingi asiojua aufanyie nini. Mdogo wako amefaulu tena na safari hii wamemwita baba yako shuleni.

Usijibu.

Shangazi yako.

*

30 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Mimi sijambo. Wasalimie wote.

Kuwasha kulianza mwishoni mwa Juni. Barua yako ya Julai ilifika nikiwa najikuna. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umenionyesha njia ya kukunyima habari bila kutumia nguvu, na kwa wiki kadhaa nilipenda kukunyima. Sasa sipati hata raha hiyo.

Vipimo vyako ni sahihi. Sikio la kulia lina mstari tu, la baba. La kushoto, nyuma yake, lilikuwa kichwa cha pini, na sasa ni kifungo cha shati. Kila wiki nne daktari ananichoma sindano katikati ya donge lenyewe. Anasema linaweza kulala, linaweza kuamka. Haniiti tena mtu wa ukoo safi. Siku hizi anaanza na kuniuliza, "Shangazi hajambo?" na mimi namjibu kuwa sijui.

Ukiwa mbele yangu huoni kitu. Masikio yamelala kichwani vizuri kama ulivyosema, pindo. Kwa hiyo mwezi wa saba meneja alinihamisha mbele, akanikabidhi kioo na kitambaa cha kufutia lenzi. Wauzaji wa mbele huwa tunavaa fremu za duka toka asubuhi mpaka kufunga, mteja azione zikiwa usoni. Mkono wa fremu unapita nyuma ya sikio na unakalia pale pale. Nilivumilia siku kumi na tisa. Siku ya ishirini fremu ilitoka na damu, mbele ya mteja.

Nimerudi ndani. Kule mbele, tangu Jumatatu, wamemweka dada aliyekuwa anapokea simu. Wateja wanampenda. Anafunga nywele juu, na masikio yake yametoka nje kuliko yalivyokuwa yangu.